Kwenda Komoro: euro mfukoni, siku za akiba na adabu ya mgeni

Chindini ni mwisho wa barabara kusini mwa Ngazija. Mbele yake ni bahari, na siku isiyo na ukungu kisiwa cha Mwali kinaonekana ng'ambo. Asubuhi na mapema, upepo ukiwa bado haujaamka, abiria hukusanyika ufukweni na magunia, madumu na masanduku yao. Suruali hukunjwa, leso hupandishwa, watu wakaingia majini na kushikwa mikono kupanda vedeti, boti ndogo ya faiba yenye mashine nyuma. Bahari ikiwa tulivu, saa moja na nusu au mbili zinatosha kufika Hoani, upande wa Mwali.

Bahari ikichafuka, haondoki mtu. Wenyeji hubeba mizigo yao wakarudi nyumbani kusubiri kesho, maana wamezoea. Anayeumia ni mgeni aliyeko Hoani, mwenye tiketi ya ndege ya kesho kutoka uwanja wa Hahaya ulioko Ngazija, na hana njia ya kufika.

Safari nyingi za Komoro huharibika namna hiyo. Haziharibiwi na wizi wala ukali wa watu, kwa sababu mgeni hupokewa vizuri katika visiwa hivi. Huharibiwa na kalenda iliyopangwa bila kuuliza, fedha zilizobebwa za aina isiyotakiwa, na maji yaliyoko baina ya kisiwa na kisiwa. Mashauri mengi yaliyoandikwa kuhusu Komoro yanamhusu mtu anayetoka Ulaya. Msomaji wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa ana faida asizonazo mtu huyo, lakini ana hatari moja ya kwake: kudhani kwamba anakwenda Zanzibar ya pili.

Karibu kwa damu, mbali kwa huduma

Komoro iko kati ya kaskazini mwa Msumbiji na Madagaska. Ilipata uhuru wake tarehe 6 Julai 1975 ikiwa na visiwa vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Cha nne, Maore, kilibaki chini ya Ufaransa, na Machi 2011 kikafanywa mkoa kamili wa Kifaransa, jambo ambalo serikali ya Komoro, yenye makao yake Moroni, mji mkuu, haijalikubali hadi leo.

Undugu wetu na visiwa hivi hauhitaji kutafutiwa ushahidi. Sheikh Ahmed bin Sumeit, kadhi mkubwa wa Zanzibar, alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861. Chama cha kupigania uhuru wa Komoro, MOLINACO, kiliasisiwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Machi 2008 askari wa Tanzania walikuwa miongoni mwa majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyoingia Nzwani kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa ameng'ang'ania utawala wa kisiwa hicho. Na hadi leo Wakomoro huja Dar es Salaam kwa matibabu na kwa bidhaa za Kariakoo.

Wao wanatujua. Sisi hatuendi kwao, isipokuwa wafanyabiashara na wenye jamaa huko.

Lugha ya mitaani itakufaa. Shingazija, lugha ya Ngazija, na Kiswahili ni ndugu, na Moroni hutakosa mtu aliyesoma au kufanya biashara upande wetu. Lakini fomu za uwanja wa ndege, risiti ya benki na cheti cha daktari ni vya Kifaransa. Magari hupita kulia. Soketi za umeme ni za pini mbili za duara, kwa hiyo chaja ya Tanzania au Kenya haiingii bila adapta. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayomkumbusha mgeni saa ya kwanza tu kwamba ametoka nchi moja akaingia nyingine.

Kalenda kabla ya tiketi

Kuanzia Mei hadi Oktoba, wakati wa kusi, hewa ni kavu na jua halichomi sana. Kaskazi, Novemba hadi Aprili, ni majira ya mvua nzito, na kuanzia Januari vimbunga si jambo la kushangaza. Usiku wa tarehe 24 Aprili 2019, wakati wengi waliamini msimu umekwisha, kimbunga Kenneth kilipita kaskazini kabisa mwa Ngazija kikielekea Msumbiji, kikang'oa mapaa na migomba.

Ungedhani basi kwamba Julai na Agosti ndiyo miezi ya kwenda. Hapo ndipo penye mtego. Hiyo ndiyo miezi ya harusi kubwa, ile ada ambayo Mngazija huiwekea akiba miaka mingi. Asiyeitimiza, hata awe na elimu na mali, hana sauti kamili mbele ya wazee wanapokaa bangwe, ule uwanja wa mji. Kwa sababu hiyo Wakomoro walioko Ufaransa, hasa Marseille, hurudi kwa wingi miezi hiyo kuoa, kuoza na kuhudhuria. Ndege hujaa na nauli hupanda. Magari ya kukodi huadimika.

Sisemi msomaji aikwepe miezi hiyo. Kuona mji mzima ukimsindikiza bwana harusi aliyevaa joho na kilemba, wanawake wakiwa katika leso za sare na nyuso zimepakwa msindzano, lile rojo la urembo, ni sababu tosha ya kwenda. Ila akate tiketi mapema sana, au aende Mei, Juni au Septemba kama anachofuata ni mlima na bahari. Nyangumi hupita kando ya Mwali kuanzia Julai, na Septemba bado wapo.

Ramadhani ni suala jingine. Nchi karibu yote ni ya Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mchana migahawa hufungwa. Mfungaji atafurahi kufuturu huko. Asiyefunga ajipange kula chumbani kwake.

> Ungedhani basi kwamba Julai na Agosti ndiyo miezi ya kwenda. Hapo ndipo penye mtego.

Euro hupokewa, shilingi hukataliwa

Viza hutolewa unapofika. Ada yake kwa miaka mingi imekuwa euro 30, na hulipwa taslimu palepale. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita. Beba pia cheti cha homa ya manjano, kwa sababu kuulizwa cheti ulichoacha nyumbani ni usumbufu usio na sababu.

Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro: euro 1 ni takriban faranga 492, na kiwango hicho hakiyumbi. Ndiyo maana euro hubadilishwa kwa urahisi hata dukani. Dola hupokewa kwa kusitasita na kwa bei isiyofurahisha. Shilingi ya Tanzania au ya Kenya haina mnunuzi wa kutegemewa.

Mashine za kutolea fedha zipo Moroni, chache. Exim, benki yenye makao makuu Dar es Salaam, ina tawi lake huko tangu 2007. Lakini mashine inaweza kuishiwa fedha au kukosa mtandao siku ile ile unayoihitaji, na ukishavuka kwenda Mwali usiitegemee kadi hata kidogo. Yule aliyezoea kulipia chapati na nauli ya bodaboda kwa simu ajue kwamba laini yake ya nyumbani haitamlipia chochote Komoro.

Ushauri wangu ni huu: piga hesabu ya safari nzima, ongeza theluthi moja, ubebe yote kwa euro, nyingi zikiwa noti ndogo ndogo. Faranga zikibaki, zitumie kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa nje ya Komoro hakuna duka la fedha litakalozitaka.

Kuvuka: hewani au majini

Hapa ndipo wasafiri na wenyeji wanapogawanyika, na kila upande una hoja ya kweli.

Wanaotetea ndege husema bahari ya Komoro si ya kuchezea. Vedeti ni ndogo na mara nyingi hupakia kupita kiasi. Makoti ya kuokolea maisha huwa machache au hayapo. Mvua ikikukuta katikati huna pa kujificha, na simu nayo inaweza isipate mtandao.

Wanaotetea vedeti hujibu kwamba nauli ya ndege ni mara kadhaa ya ile ya boti, kwamba ratiba za ndege ndogo hubadilika bila taarifa, na kwamba hewani nako kumeua. Hawasemi uongo. Tarehe 26 Februari 2022 ndege ndogo ya Cessna Caravan iliyotoka Moroni kwenda Fomboni, kisiwani Mwali, ilianguka baharini karibu na kisiwa hicho, na watu wote 14 waliokuwa ndani wakapotea. Marubani wawili walikuwa Watanzania, na ndege yenyewe ilikuwa imesajiliwa Tanzania. Kabla ya hapo, 30 Juni 2009, ndege kubwa ya shirika la Yemenia ilianguka pwani ya Ngazija usiku ikijiandaa kutua Hahaya. Walikufa watu 152, akasalimika binti mmoja tu, Bahia Bakari, aliyekuwa na umri wa miaka 12 na aliyekaa majini saa nyingi ameshikilia kipande cha ndege.

Kwa Mkomoro hili ni suala la maisha ya kila siku. Mama anayepeleka mtoto hospitali ya El-Maarouf, Moroni, hana anasa ya kuchagua, atapanda kilichopo. Mgeni anaweza kuchagua, na akichagua vibaya nafasi aliyoichukua ndani ya boti iliyojaa ni ya mtu mwenye haja kuliko yeye.

Nikiulizwa, nasimama hapa. Vuka kwa vedeti wakati wa kusi tu, asubuhi, kabla ya upepo kukaza, na ukiwa na koti lako mwenyewe la kuokolea maisha. Si zito, na linaingia begini. Ukiona boti imejaa, shuka, hata kama umeshalipa. Nahodha akisema leo haendi, mshukuru, usimwongezee fedha ili aende. Wakati wa kaskazi panda ndege, au baki Ngazija.

Na siku mbili za mwisho za safari zilale Ngazija, daima. Mtu mwenye wiki moja asijaribu visiwa vyote vitatu. Ngazija na kimoja kingine vinamtosha, na bado hatavimaliza.

> Ukiona boti imejaa, shuka, hata kama umeshalipa.

Lipo pia suala la Maore, kwa sababu wapo wanaoshawishiwa. Kutoka Nzwani kisiwa hicho kiko umbali wa kilomita 70 tu, na boti ziitwazo kwasa-kwasa huvuka usiku bila ruhusa. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza kwa Wakomoro mwaka 1995, njia hiyo imekuwa kaburi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria waliokufa kuwa kati ya 7,000 na 10,000. Viza ya Schengen haimwingizi mtu Maore, inatakiwa viza yake maalumu. Anayetaka kufika huko aiombe ubalozini kabla ya kuondoka nyumbani, kisha apande ndege. Kwasa si njia ya mtalii, na isingestahili kuwa njia ya mtu yeyote.

Kisiwa kisicho na mto

Ngazija hainyimwi mvua. Magharibi ya mlima Karthala hunyeshewa kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Lakini mwamba wake ni wa volkano changa, wenye vitundu, na maji hupenya hadi chini kabisa. Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Vijiji vingi hukinga mvua inayotoka mapaani na kuihifadhi katika birika za saruji kando ya nyumba, na birika ile inapaswa kuvusha ukoo mzima katika miezi ya ukame.

Hilo ndilo ningependa kila mgeni alijue kabla ya kufungua bomba. Mwaka 2005 Karthala ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na majivu yakaingia ndani ya mabirika. Maelfu ya watu walikosa maji ya kunywa ghafla, ingawa hakuna nyumba yao iliyoguswa na moto. Mgeni anayeoga dakika ishirini katika nyumba ya kulala wageni kijijini anakunywa akiba ya mwenyeji wake, na mwenyeji, kwa adabu yake, hatamwambia.

Oga kwa ndoo na kopo. Ukipewa maji ya kunywa kutoka birikani, yachemshe au nunua ya chupa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kiliingia Moroni kwa chombo kilichotoka Tanzania, kikaenea visiwa vyote na kuua zaidi ya watu mia moja, Nzwani ikiumia kuliko kote. Yaani safari hii ya baharini tunayoizungumzia hubeba ugonjwa pia, na mara ile ulitoka kwetu. Mwenye tumbo la kuharisha aahirishe safari. Malaria nayo bado ipo, hasa Ngazija, kwa hiyo chandarua na dawa za kinga visisahaulike.

Anayepanda Karthala, mita 2,361, abebe maji yote atakayoyahitaji, kwa kuwa njiani hakuna. Wengi huanzia Mvouni au Bahani wakiwa na kiongozi wa hapo kijijini, na hulala juu. Usiku huko ni baridi ya koti, si ya shuka. Kuna shimo la volkano lenye upana wa kilomita kadhaa, na ukungu ukifunga njia haionekani. Usipande bila kiongozi.

Mavazi na sala

Mzaliwa wa pwani yetu hana mengi ya kufundishwa. Mabega na magoti yafunikwe mjini na vijijini. Suti ya kuogelea ni ya ufuko wa hoteli. Ijumaa mchana ofisi hufunga mapema, na shughuli ya benki ifanywe Alhamisi. Pombe hupatikana katika hoteli chache na mikahawa michache, haibebwi mkononi barabarani. Picha za wanawake sokoni Volo Volo haziombwi kwa ishara ya kamera, zinaombwa kwa mdomo, na jibu likiwa hapana ni hapana. Ukiingia bangwe, wasalimie wazee kwanza kabla ya kuuliza njia.

Na ukiona maandamano Moroni, kama yale yaliyofuatia uchaguzi wa Januari 2024, rudi ulikolala.

Hoteli kubwa au nyumba ya kijiji

Upo mjadala mwingine, mkubwa kuliko wa boti: Komoro ipokee wageni wa namna gani.

Kaskazini mwa Ngazija, karibu na Mitsamiouli, iliwahi kusimama hoteli ya Le Galawa, kubwa kuliko zote nchini. Ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara tarehe 23 Novemba 1996 ilianguka majini mbele ya ufuko wake, na waliokuwa likizoni pamoja na wavuvi wakawa waokoaji wa kwanza. Baadaye hoteli ilifungwa, kisha ikabomolewa. Wako wanaosema nchi haitaendelea bila hoteli za aina ile: ajira za mamia, ndege za kukodi, fedha za kigeni kwa taifa linalotegemea vanila, karafuu, mlangilangi na fedha zinazotumwa na ndugu walioko Ufaransa. Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi iliyopangwa kufanyika Komoro mwaka 2027 imeipa hoja hiyo nguvu mpya, maana wanamichezo lazima walale mahali.

Wengine huelekeza kidole Itsamia, kijiji cha mashariki mwa Mwali. Kasa hupanda fukwe zake usiku kutaga, mwaka mzima, kwa wingi ambao si rahisi kuuona penginepo katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Wanakijiji wenyewe ndio waliojipanga kuwalinda dhidi ya majangili wa nyama. Hifadhi ya bahari ya Mwali ilianzishwa mwaka 2001 kwa makubaliano na vijiji, na mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa kizima kuwa hifadhi ya uhai. Ada ya mgeni na malipo ya kiongozi hubaki kijijini.

Siamini kwamba njia hizi haziwezi kukaa pamoja, lakini najua ipi iko hatarini. Hoteli ina mwekezaji wa kuisemea. Itsamia inasemewa na wageni wanaofika, wakalipa na wakatii masharti. Mlinzi wa kasa asipopata chochote kwa usiku wa kukesha, jangili anaweza kumlipa zaidi kwa mnyama mmoja. Kwa hiyo mtu anayevuka hadi Mwali kisha akabishania ada ya kijiji anaharibu kile alichokifuata.

Masharti ni mepesi. Tochi izimwe, simu pia, kwa sababu mwanga humrudisha kasa baharini kabla hajataga. Kaa nyuma yake, kimya, umfuate kiongozi. Usimguse. Vyumba vya Itsamia ni vichache, na gari la kuvuka kisiwa kutoka Hoani au Fomboni halisubiri abiria kila saa, hivyo piga simu kwa chama cha kijiji na upate jibu kabla ya kushuka Chindini.